Sanamu iliyomo ndani ya imani yangu nitaitambuaje?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa miaka 46, ninaishi Morogoro, nilibatizwa tangu utoto na ninaimba kwaya usharikani kwetu. Mwezi uliopita tulikuwa na semina, na mwalimu akatuambia kwamba kila Mkristo ana sanamu yake ila wengi hawaijui. Niliporudi nyumbani nilichoma vinyago viwili vya mpingo ambavyo baba yangu alinipa zawadi nilipoolewa, lakini amani sikuipata. Nina chupa ya mafuta ya upako niliyouziwa kwenye mkutano wa maombi, nami siwezi kulala bila kujipaka. Tena mwaka jana nilifunga siku 21 na kutoa sadaka kubwa kuliko uwezo wangu ili mwanangu afaulu kidato cha sita akasomee udaktari, na wenzangu kwaya walikuwa wameshaanza kuniita Mama Daktari. Matokeo yalipotoka alikuwa na daraja la tatu. Nilimkasirikia Mungu, nikaacha kwaya miezi miwili. Sasa kijana yuko chuo cha ualimu, mimi nimerudi kwaya, lakini moyo haujarudi. Je, sanamu yangu ni ipi, na nitaitambuaje?

JIBU: Amina, mama, asifiwe. Nimekuwa mchungaji kwa zaidi ya miaka 30, na sehemu kubwa ya barua ninazopata kuhusu sanamu huuliza habari za sanamu za watu wengine: picha zilizomo katika makanisa ya jirani, matambiko ya ukoo wa mume, hirizi aliyokutwa nayo mfanyakazi wa ndani. Wewe umeuliza habari zako mwenyewe, na kwa kufanya hivyo umeanza mahali ambapo Maandiko nayo huanzia, yaani nyumbani kwa waumini. Nitakujibu kwa kirefu, na mahali pengine nitasema mambo yatakayouma, kwa sababu naona umeuliza kwa dhati na hutaki kutulizwa tu.

Nianze na vile vinyago. Katika Biblia yetu ya Union Version, Ezekieli sura ya 14, wazee wa Israeli wanakwenda kuketi mbele ya nabii ili wapate neno la Bwana, naye Mungu anamwambia nabii kwamba watu hao wametwaa vinyago vyao na kuvitia mioyoni mwao. Neno hilo hilo, kinyago, katika nchi yetu limeshika njia nyingine kabisa. Ukilitamka leo, mtu anafikiri kazi za Wamakonde na vibanda vya wachongaji pale Mwenge, Dar es Salaam. Vivyo hivyo neno sanamu: Sanamu ya Askari imesimama katikati ya jiji tangu mwaka 1927, na maelfu huipita kila siku bila yeyote kuiinamia wala kuiomba mvua. Ulichoma kitu chenye jina moja na kile kinachokatazwa. Moto wako ulifika kwenye neno, haukufika kwenye jambo lenyewe, na ndiyo maana amani haikuja. Lakini angalia pia wale wazee walikuwa akina nani. Hawakuwa watu waliomwacha Bwana wakahamia kwa Baali hadharani. Walikuwa wamekuja kusikiliza neno, wameketi kwa adabu, na kwa lugha yetu ya leo tungesema walikuwa semina.

Hapo ndipo penye ugumu wa jambo uliloniuliza. Tumezoea kudhani kwamba sanamu ni mungu mgeni anayetoka nje na kuja kushindana na Mungu wetu, kwa hiyo tunalinda mlango. Kumbe ukisoma Kutoka 32 kwa utulivu utaona kwamba Haruni, alipokwisha kumsubu ndama, yaani kumtengeneza kwa dhahabu iliyoyeyushwa, alijenga madhabahu mbele yake na kutangaza, "Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA." Jina la Bwana halikuondolewa. Sadaka ziliendelea, nyimbo ziliendelea, sikukuu ilipangwa. Hata dhahabu yenyewe ilikuwa imetoka mkononi mwa Mungu, kwa maana waliipata walipotoka Misri, Bwana alipowapa kibali machoni pa Wamisri wakapewa vyombo vya fedha na vya dhahabu. Kwa hiyo sanamu ya kwanza inayosimuliwa baada ya Sinai ilitengenezwa kwa baraka, ikaabudiwa kwa jina la Bwana, na Haruni, aliyeteuliwa na Mungu kuwa kuhani, ndiye aliyeiongozea ibada. Mimi nimefikia kuamini kwamba karibu kila sanamu ya Mkristo ina sura hiyo: ni kipawa cha kweli cha Mungu ambacho tumekishika hadi kikaanza kutushika sisi, nasi tunaendelea kukiita kwa jina la Bwana.

Mfano unaonifundisha zaidi kuliko yote ni ule wa nyoka wa shaba. Unaikumbuka habari katika Hesabu 21: watu waliumwa na nyoka za moto jangwani, Mungu mwenyewe akamwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti, na kila aliyemtazama akapona. Hapakuwa na kosa lolote. Agizo lilikuwa la Mungu na uponyaji ulikuwa wa kweli. Halafu fungua 2 Wafalme 18:4. Zaidi ya miaka 500 imepita, na mfalme Hezekia anamkuta yule nyoka bado yupo, na watu wa Yuda wanamfukizia uvumba. Hezekia akamvunja vipande vipande na kumwita Nehushtani, jina ambalo ndani yake linasikika neno la Kiebrania la shaba, kana kwamba anawaambia kuwa hiki ni kipande cha shaba tu. Nafikiri mara nyingi juu ya siku ile. Lazima walikuwepo wazee waliolia, waliosema kwamba mfalme kijana anavunja ushuhuda wa babu zetu, kwamba kifaa hiki kiliponya watu. Na walichosema kilikuwa kweli: kiliponya. Lakini macho yaliyotakiwa kumtazama Mungu kupitia kile kifaa yalikuwa yamekomea kwenye kifaa.

Sasa tuje kwenye chupa yako. Mafuta si kitu kibaya katika kanisa la Kristo. Yakobo 5:14 anaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na wanafunzi wa Yesu waliwapaka mafuta wagonjwa wengi kabla yake. Ila msome Yakobo hadi mwisho wa sentensi: kinachomwokoa mgonjwa, asema, ni kule kuomba kwa imani, naye Bwana ndiye atakayemwinua. Mafuta pale yako mikononi mwa wazee wanaomjua mgonjwa, wanaoketi kitandani pake, wanaosikia hata maungamo yake. Yako yamefungwa katika chupa, yakauzwa, na sasa yanafanya kazi usiku bila mzee yeyote, bila maungamo yoyote, na hofu yangu ni kwamba yanafanya kazi hata bila Mungu. Umeandika mwenyewe kwamba huwezi kulala bila kujipaka. Linganisha neno hilo na Zaburi 4:8: "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara moja, maana Wewe, BWANA, peke yako, ndiwe unijaliaye kukaa salama." Mtunga zaburi ameweka pale maneno mawili, peke yako, na ni maneno hayo mawili ambayo chupa imeyafuta katika sala yako ya jioni.

Sisemi haya kwa kuwadharau watu wanaotafuta mafuta. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakati umati ulipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa watu wenye magonjwa, madeni na ndoa zilizovunjika, watu ambao wengi wao walikuwa wamechoka kusubiri mahali pengine. Nikiwakumbuka, siwezi kusema neno jepesi juu yao, nami najiuliza sisi wachungaji tulikuwa tumewapa nini hata wakahitaji kukimbilia pale.

Lakini mama, chupa ndiyo rahisi. Nimeigusa kwanza kwa sababu inaonekana, na sanamu inayoonekana mara nyingi huwa ni kivuli cha nyingine iliyokaa ndani zaidi. Sasa nataka tusome pamoja sehemu ile ya barua yako inayomhusu kijana.

Umeniambia daraja alilopata. Umeniambia siku ulizofunga, ukubwa wa sadaka, jina uliloitwa na wanakwaya, na miezi uliyokaa nje ya kwaya. Juu ya kijana mwenyewe hukuniambia kitu. Sijui kama alilia matokeo yalipotoka, kama alikuwa akiupenda huo udaktari au aliuchukua kwa sababu yako, kama chuoni amepata marafiki, kama anafurahia kusimama mbele ya darasa. Sikulaumu kwa hilo. Barua ilikuwa fupi. Ila nimejifunza kwamba mtu akieleza uchungu wake, kile anachokisahau husema mengi. Wengi wangekuambia kwamba sanamu yako ni mtoto, kwamba umempenda kupita Mungu. Mimi sidhani. Nadhani sanamu ni lile jina, Mama Daktari, na mtoto ndiye aliyepelekwa mbele yake kama sadaka.

Najua neno hili ni zito, kwa hiyo niruhusu nilieleze. Nabii Yeremia anawalilia watu wa Yuda waliowapitisha wana wao na binti zao motoni katika bonde la mwana wa Hinomu, naye Bwana anasema jambo hilo hakuliagiza wala halikuingia moyoni mwake. Miungu ya uongo tangu zamani imekuwa na tabia hiyo, ya kudai watoto. Yetu ya leo haidai moto. Inadai kijana asome tahasusi asiyoiweza ili mama apate la kusema kwenye kikundi. Inadai binti aolewe na mtu asiyemtaka kwa sababu harusi yake itazungumzwa mtaani. Inadai kijana aliyefeli aingie nyumbani kwa mlango wa jikoni wakati wa wageni. Mtoto anajua. Hata asiposema, anajua kama mama anamlilia yeye au analilia jina.

Lakini hapa ninahitaji kuwa mwangalifu, maana si kila chozi ni ushahidi wa sanamu, na walimu wengine wa semina huwafanya watu waogope hata kuwapenda watoto wao. Kumpenda mtoto, kumwombea afaulu, kuumia akishindwa, yote haya ni ubinadamu ambao Mungu ameuumba, na Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia Mungu kwa ukali kuliko wewe. Msome Hana katika 1 Samweli 1. Alitaka mtoto kwa uchungu uliomfanya asile, akalia hekaluni mpaka kuhani Eli akamdhania mlevi. Huyo naye aliomba, alifunga, aliweka nadhiri. Tofauti iko mstari wa 18: alipokwisha kuimimina nafsi yake mbele za Bwana, akaenda zake akala, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Mimba ilikuwa haijaingia bado. Alikuwa hajapata kitu chochote zaidi ya Mungu aliyemsikia, na uso ukabadilika. Kwako uso ulingoja matokeo ya mtihani.

Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa ukichukue katika barua hii yote, kwa sababu kinafika mahali ambapo maswali ya kawaida hayafiki. Swali la kujiuliza halihusu vitu unavyovipenda, kwa kuwa utavipenda vingi na Mungu hakukatazi. Jiulize ni kitu gani ambacho umekiweka kuwa sharti la kumwamini Mungu. Ni kitu gani ambacho kikikosekana, basi Mungu naye kwako amekosekana. Wale vijana watatu mbele ya tanuru la Nebukadreza walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo," bado hawataisujudia sanamu ya dhahabu. Mahali ambapo wewe huwezi kusema "bali kama si hivyo", chunguza hapo. Na Shetani, katika kitabu cha Ayubu, aliuliza swali hilo hilo kwa ubaya: je, mtu huyu anamcha Mungu bure? Martin Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, akieleza amri ya kwanza, alisema kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea na kukiegemea, hicho hasa ndicho mungu wako. Hakuuliza tunamwimbia nani. Aliuliza tunamwegemea nani wakati kuta zinapotikisika.

Na tazama jinsi sharti hilo lilivyojificha ndani ya kufunga kwako. Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa mambo mawili, na nadhani limekufunulia kitu: ulifunga, lakini katika kufunga ulitaka umfunge Mungu. Siku 21 zikawa kamba, sadaka ikawa fundo. Ndiyo maana matokeo yalipotoka hukuhuzunika tu kama mzazi. Ulihisi umedhulumiwa kama mtu ambaye mwenzake amevunja mkataba. Mika, mtu wa milima ya Efraimu katika Waamuzi 17, alikuwa na nyumba ya miungu, naye siku alipomwajiri kijana Mlawi kwa fedha 10 kwa mwaka, pamoja na nguo na chakula, alisema kwamba sasa anajua Bwana atamtendea mema, kwa kuwa ana Mlawi kuwa kuhani wake. Alitamka jina la Bwana kwa furaha, lakini uhakika wake ulikuwa kwenye malipo aliyofanya. Tunapofundishwa kwamba ukipanda mbegu ya kiasi fulani Mungu atalazimika, tunafundishwa dini ya Mika, na wanaoifundisha watatoa hesabu.

Ili usidhani ninakuandikia kutoka mahali pa juu, nitakueleza sanamu yangu. Nilipokuwa mchungaji kijana, nilipewa usharika uliokuwa ukifanya ibada chini ya paa la nyasi, nikaahidi kwamba ndani ya miaka mitatu tutaezeka kanisa kwa bati. Nilikuwa na daftari la mistari lenye jalada la bluu, na kila jioni kabla ya kusali nilihesabu: bati ngapi zimenunuliwa, mifuko mingapi ya saruji imebaki, nani ameahidi na hajatoa. Jioni moja akaja mke wa mmoja wa wazee wetu, amejifunga kanga mbili, mkononi karatasi ya hospitali iliyokunjwa mpaka imelainika. Mumewe alitakiwa kufanyiwa upasuaji, naye aliomba akopeshwe kutoka mfuko wa ujenzi. Nilimjibu kwamba fedha ile ni ya Bwana na haiwezi kuguswa. Kwa taratibu nilikuwa sahihi. Mfuko ule ulikuwa na kazi yake na kamati yake. Lakini daftari lilikuwa wazi mezani wakati ninasema, nami sikulifunga, wala sikuita kamati, wala kesho yake sikwenda kumwona mgonjwa. Ndugu zao waliuza ng'ombe, yule mzee akatibiwa, akapona.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa na mnada wa mavuno baada ya ibada, ndizi na mahindi na kuku vikiuzwa kwa ajili ya paa. Yule mzee alikuja na fimbo, akiwa bado anatembea polepole, akatoa jogoo. Alipopita karibu nami aliuliza kwa upole kabisa, "Mchungaji, bado bati ngapi?" Sikuona chuki usoni pake. Aliuliza kwa sababu alijua hilo ndilo jambo nililolijali. Nilikuwa nimewahubiria mara nyingi Marko 7, pale Yesu anapowakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao, na sikuwahi kufikiri kwamba neno hilo linaweza kuandikwa juu ya daftari la ujenzi wa kanisa. Tangu siku ile ninapotaka kujua kama kitu kitakatifu kimekuwa sanamu kwangu, naangalia ni nani anayeumizwa kwa jina lake, na ni amri gani ya Mungu ninayojiruhusu kuivunja ili nikilinde.

Hilo pia linaeleza kwa nini sanamu zetu za pamoja ni ngumu kuonekana kuliko za mtu mmoja. Yako iliweza kukusumbua kwa sababu ilikuwa yako. Ile ambayo usharika mzima unaiabudu haimsumbui yeyote. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowasha mioyo ya watu wengi kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuvuka hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha wazee wetu kuungama wazi, kurudisha vitu vya wizi, kupatana na majirani. Na bado ni Rwanda hiyo hiyo, ambayo wengi wa raia wake walikuwa wamebatizwa, iliyoshuhudia mwaka 1994 watu wakiuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, kule Ntarama na Nyamata na kwingine. Wapo Wakristo waliokataa na kufa kwa kukataa. Lakini kwa wengi kabila lilikuwa limekaa mahali pa ndani kuliko ubatizo, na kwa kuwa lilikaa hapo kwa watu wote pamoja, hakuna aliyeliita sanamu. Nalitaja kwa sababu nasi tunachagua viongozi wa kanisa, nasi tunanong'ona huyu ni wa kwetu na yule si wa kwetu, na baada ya hapo tunafunga kikao kwa sala.

Umeuliza utaitambuaje. Kwa sehemu kubwa umeshaitambua, maana hasira iliyokutoa kwaya ilikuonyesha mahali ulipokuwa umeegemea. Kwa yaliyobaki, nakushauri usijichunguze peke yako usiku kucha, kwa sababu moyo unaojihukumu wenyewe ama hujionea huruma ama hujitesa, na yote mawili humfanya mtu ajitazame yeye badala ya Mungu. Isali Zaburi 139 mistari miwili ya mwisho, ambapo Daudi anamwomba Mungu amchunguze. Kazi ya kuchunguza hakuichukua yeye. Kisha mtafute mtu mmoja, mama mzee wa imani asiyekuwa na haja ya kukufurahisha, asiye wa kwaya yenu, umweleze habari ya lile jina bila kulipamba. Wazee wa Uamsho waliliita jambo hili kutembea nuruni, nami sijaona njia nyingine iliyo bora. Sanamu ya heshima hasa haistahimili kusemwa kwa sauti mbele ya mtu mwingine, kwa kuwa chakula chake ni kuonekana vyema.

Kuhusu chupa, nakuomba usiichome wala usiimwage kwa maombi makali. Ukifanya hivyo utakuwa bado unaiamini, ila kwa upande wa pili. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba sanamu si kitu katika ulimwengu, na kitu kisicho kitu hakihitaji kupigwa vita. Itoe tu chumbani, uiweke kabatini pamoja na vyombo. Usiku wa kwanza utaogopa, pengine na wa pili. Soma Zaburi ya 4, taja hofu yako kwa jina lake mbele za Mungu, ulale. Ukiugua, waite wazee wa usharika wakuombee na kukupaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza, na hapo mafuta yatarudi kuwa ishara. Nakukumbusha kwamba Hezekia alipomvunja yule nyoka, maana yake haikuvunjika naye: karne nyingi baadaye Bwana Yesu, akizungumza na Nikodemo, alimtaja nyoka huyo aliyeinuliwa na Musa jangwani kuwa mfano wa kuinuliwa kwake mwenyewe msalabani. Mungu hapotezi kipawa chake tunapokiachilia.

Kwaya, endelea kuimba. Moyo ambao haujarudi haurudishwi kwa kukaa nyumbani, na wala Mungu hangoji moyo utulie ndipo akubali wimbo. Ila mwenzako akikuuliza habari za kijana, jibu waziwazi kwamba anasomea ualimu, kisha unyamaze, usiongeze "kwa sasa" wala "tunaendelea kuomba". Maneno hayo madogo ndiyo uvumba wa mwisho unaofukizwa.

Vile vinyago vya mpingo vimeshakuwa majivu na siwezi kukurudishia. Kama baba yako yu hai, mwambie ulichofanya na umwombe radhi, kwa sababu alikupa kwa upendo siku ya ndoa yako na hakukuwa na dhambi katika zawadi ile. Pengine atacheka, pengine ataumia. Yote mawili ni haki yake.

Halafu nenda chuoni kwa mwanao. Usimwite nyumbani, nenda wewe, panda basi uende, na usiende na mahubiri wala na barua hii ya maelezo yangu. Mpelekee chakula anachokipenda. Mwombe akuonyeshe darasa wanalofanyia mazoezi ya kufundisha, akueleze ni somo gani amelichagua na kwa nini, na akianza kueleza, mwache amalize. Ikiwa ndani ya mazungumzo utaona amekusubiri useme jambo fulani kuhusu mwaka jana, liseme, hata kama sauti itatetemeka. Nitakuombea siku hiyo, niandikie tarehe.